Kabati lililofungwa kwa kufuli: kisa cha nyumba moja ya Majengo

Mama ana miaka 61, na kisukari cha aina ya pili kilimwanza akiwa na miaka 47. Vidonge vilimtosha kwa muda, kisha vikazidiwa. Sasa ni miaka sita anajichoma insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu mweupe, asubuhi na jioni. Anakaa Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili, pamoja na mwanawe wa kiume, mkaza mwana wake na mjukuu wa miaka minane. Mwanawe ni dereva wa lori la makontena, kutoka bandarini hadi Malaba, kwa hivyo siku nyingi hayupo. Binti mkubwa ameolewa Kisauni. Yeye ndiye anayenunua dawa na vijiti vya kupimia, na ndiye anayefuatana na mamake kliniki. Kila alfajiri Mama hukanda unga na kukaanga mahamri, na kabla jua halijapanda sinia iko barazani na sufuria ya mbaazi za nazi iko kando. Wameniruhusu nikiandike kisa chao bila majina.

Shida ilianza kwa namba. Asubuhi moja kabla ya kula mashine ya kupimia sukari ya damu ilisoma 15.2 (milimoli kwa lita), kesho yake 6.1, keshokutwa 18. Mgonjwa kama yeye hutakiwa awe baina ya 4 na 7 kabla ya kula, au juu kidogo kwa sababu ya umri. Akapimwa kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, HbA1c, kikatoka asilimia 10.6. Katika kliniki waliyokuwa wakienda, swali lilikuwa moja kila mara: "Mama unakula nini?" Binti ndiye aliyejibu. Dawa ikaongezwa kutoka yuniti 20 asubuhi na 10 jioni hadi 24 na 14, kisha 30 na 18. Namba zikaendelea kuruka vilevile.

Nyumbani, namba zile zilisomwa kuwa ushahidi wa wizi. "Mama, niambie kweli, nani anakupa vitamu?" Mama akaapa. "Wallahi mwanangu, sijaonja hata kaimati." Binti hakuamini, na lawama ikamshukia aliyekuwa karibu: "Wifi, wewe ndiye unayeshinda naye kutwa. Kama hujui anachokula, nani ajue?" Mkaza mwana akanyamaza, maana kumjibu wifi mbele ya mavyaa si jambo dogo. Ijumaa iliyofuata binti alikuja na kufuli. Sukari, tende, jemu na biskuti za mtoto vyote vikaingia kabatini, na ufunguo ukaenda Kisauni ndani ya mkoba. Chai ikawa ya rangi, kavu. Chapati moja ikawa nusu.

Nataka nimtendee haki binti huyu kabla sijaendelea. Aliwahi kumuuguza shangazi yake aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, akawa anambadilisha bandeji kila jioni. Aliyeona hayo haioni namba 18 kama namba tu. Kufuli ile ilitoka kwenye hofu, na hofu ilitoka kwenye mapenzi. Haipunguzi madhara yake, lakini mtu asome kisa hiki akijua kwamba hakuna mkatili ndani yake.

Kisha Mama akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, tatizo ambalo watu wenye kisukari hulipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Wiki za mwanzo hakuweza kuziona alama ndogo za kwenye sirinji. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mkono mwingine ukashika sindano yake, nao ulikuwa wa mkaza mwana.

Alifundishwa na Mama mwenyewe, wameketi kitandani. Chupa itolewe kwenye friji mapema ili dawa isiwe baridi. Ibingirishwe baina ya viganja taratibu, isitikiswe, mpaka ule unga mweupe uliotuama chini uchanganyike wote. Uvute hewa kadiri ya yuniti utakazo, uisukume chupani, ugeuze chupa, uvute dawa, ugonge kipovu kitoke. Haya yote aliyashika haraka. Kilichomshinda ni Mama kufunua tumbo. Mavyaa ni mavyaa. Kumtazama kitovu, kumbana ngozi ya tumbo kwa vidole, haya ilimjaa hadi machoni. Akaomba, "Mama, nikuchome mkononi, niwie radhi." Mama akakubali, akapandisha mkono wa dera. Sindano ikaingia nyuma ya mkono wa juu, kwenye mnofu laini ambao haukuwahi kuguswa na insulini. Yuniti 30, saa moja asubuhi. Kisha chai kavu na nusu chapati.

Saa tano Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Ulikuwa mwezi wa Februari, na joto la Mombasa la mwezi huo linajulikana, kwa hivyo jasho lililomtiririka halikumshtua mtu. Kilichomshtua mkaza mwana ni kwamba mikono ilisimama juu ya kifuu, haikuni wala haiachi, na Mama akauliza kama mumewe ameshapelekewa chai. Mumewe amefariki zamani. Jirani aliyekuwa akinunua mbaazi akasema sukari imepanda, apewe maji ya shubiri haraka. Mkaza mwana alikuwa na akili ya kupima kwanza. Mashine ikasoma 2.4.

Chini ya 4 sukari imeshuka. Chini ya 3 ni hatari, kwa sababu ubongo unakosa chakula chake na mtu anaweza kuanguka, kupata degedege, au kuzimia asiamke. Dawa yake ni sukari yenyewe, inayoingia damuni upesi: vijiko vitatu vinne vya chai katika maji, au kiasi cha nusu glasi ya soda ya kawaida. Katika nyumba ile sukari ilikuwa ndani ya kabati, na kabati lina kufuli.

Alijaribu kuikongoa kwa kisu, ikakataa. Jirani akashika hamri akataka kumlisha Mama. Mkaza mwana akamzuia, naye hakukosea, kwani mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni na ndani ya hamri sukari si nyingi. Mtoto akatumwa dukani mbio, akarudi na soda. Mama alikuwa bado anaweza kumeza, na hilo ndilo lililomwokoa, maana aliyezimia hatiliwi kitu mdomoni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Akanyweshwa glasi nusu. Baada ya dakika 15 mashine ikasoma 3.3. Nusu nyingine. Baada ya hapo 4.9, na Mama akauliza kwa nini amelowa hivi.

Hapo ndipo nilipoitwa, na tukaenda naye hospitali nyingine mchana huohuo. Tabibu aliyempokea alikuwa kijana, akamwamkia shikamoo, akamsikiliza mkaza mwana kuliko alivyoitazama kadi. Alipofika kwenye neno "mkononi" akamkatiza: siku zote alikuwa akichoma wapi? Mama akajibu: tumboni, hapa na hapa. Tabibu akaomba ruhusa, akapitisha ncha za vidole kuanzia mbavuni kuteremka, polepole. Pande zote mbili za kitovu palikuwa na kinundu, cha kulia kikubwa zaidi, kiasi cha nusu limau. Kwa macho hakikuonekana sana. Kwa kidole ulihisi wazi mahali ngozi laini inapokwisha na ugumu unapoanza. Mama akasema, bila kujua kwamba anajibu swali la miezi sita: "Hapo hapaumi, ndiyo maana hupachoma hapo hapo."

Insulini, pamoja na kazi yake ya kuingiza sukari kwenye seli, hukuza mafuta. Ukiichoma sehemu moja mwaka baada ya mwaka, hasa kwa sindano iliyotumika mara nyingi ikawa butu, mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kukakamaa. Kinundu hicho kina hisia chache, kwa hivyo sindano haiumi, kwa hivyo mgonjwa anakirudia, kwa hivyo kinakua. Dawa iliyochomwa humo haina njia ya kutoka kwa utaratibu. Leo inakwama, sukari inafika 18. Kesho inavuja yote kwa pamoja, inakuwa 6, au chini ya hapo usiku bila mtu kujua. Daktari anaona wastani mbaya, anaongeza yuniti. Siku dawa ile iliyoongezwa inapochomwa kwenye mnofu mzima, inafanya kazi yote kwa nguvu zake zote. Yuniti 30 za Mama zilikuwa zimepimwa kwa ajili ya kinundu, na mkaza mwana akazitia kwenye mkono usio na kinundu.

Jambo hili si geni wala adimu. Uchunguzi uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 2013 ulipapasa ngozi za wagonjwa 430 wanaojichoma insulini. Karibu thuluthi mbili walikuwa na vinundu. Miongoni mwa wenye vinundu, asilimia 39 walikuwa wakishukwa na sukari bila sababu ya wazi. Kwa wasio navyo, asilimia 6 tu. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu kuchoma insulini yanataka sehemu za sindano zikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na yanaonya kwamba mgonjwa anayehama kutoka kwenye kinundu huenda akahitaji kupunguziwa dozi kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa miaka sita tumbo la Mama halikuwahi kupapaswa na mhudumu yeyote. Hili linaniuma, kwa sababu ukaguzi huo hauhitaji mashine wala hela, unahitaji mkono na dakika mbili.

Sasa nirudi kwenye tuhuma, maana watu watauliza: ingewezekanaje kujua mapema? Yako mambo manne ambayo familia ilipaswa kuyatazama pamoja, nayo ilitazama moja. Chakula ndicho walichokishika. Lakini mla vitamu kwa siri, sukari yake hupanda na kubaki juu. Haimshuki akatoka jasho saa tano asubuhi. Nilipouliza, Mama alikiri kwamba jasho na kutetemeka kulimpata mara kadhaa kabla ya hapo, akadhani ni uchovu wa jiko. Hakusema, kwa kuwa angesema angeulizwa tena amekula nini. Mtu anayeshukiwa kila siku huacha kusimulia mwili wake.

La pili ni joto. Insulini isiyofunguliwa hukaa baina ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa huvumilia nje wiki nne hivi mradi joto lisipite nyuzi 25 hadi 30, na chumba cha Majengo mwezi wa Februari hupita hapo mchana kutwa. Umeme ukikatika friji nayo haisaidii. Ni tuhuma ya haki kabisa katika mji huu. Ila dawa iliyoharibiwa na joto hudhoofu na kubaki dhaifu. Chupa mpya ikifunguliwa, namba hubadilika. Kwa Mama, chupa mpya ilifunguliwa mara kadhaa na mruko ukabaki uleule. La tatu, kuchanganya, ambalo kweli huleta mruko wa namna hii, lilikuwa sawa: Mama alibingirisha vizuri kuliko wengi niliowaona. Likabaki la nne, ngozi, lililofichwa na dera.

Tabibu alizungumza na daktari wa zamu, dozi ikateremshwa kutoka 30 na 18 hadi 22 na 12, na Mama akaagizwa apime mara nne kwa siku katika wiki mbili za mwanzo. Vijiti ni ghali, na hapa binti alifanya jambo zuri: aliacha kununua ile dawa ya miti shamba aliyouziwa ya "kumaliza sukari", pesa zikaenda kwenye vijiti. Tena hesabu ya chupa ikawashangaza. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1000. Kwa yuniti 48 kwa siku ilikuwa ikiisha kwa siku 20 na kitu. Kwa 34 inafika siku 29. Nyumba ile ilikuwa inanunua insulini ya kukaa ndani ya kinundu.

Wakachora tumbo na mapaja kwenye karatasi, wakaibandika ndani ya mlango wa kabati: wiki hii upande wa kushoto juu, wiki ijayo paja la kulia, na kila sindano iache nafasi ya upana wa kidole kutoka pale ilipoingia ya jana. Vinundu vyenyewe havichomwi kabisa. Sindano mpya kila mara ndiyo sheria. Mama alikuwa akitumia moja wiki nzima. Sasa wanajitahidi, na hawafiki kila siku. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusoma ushauri unaojifanya kwamba sindano zinaokotwa.

Kufuli ilitoka siku ileile. Binti aliitoa kwa mkono wake, na sukari ikawekwa kwenye kikopo chenye mfuniko mwekundu juu ya friji, mahali ambapo mjukuu anafika akipanda kiti. Mtoto amefundishwa kazi yake: Bibi akiongea ovyo au akitoka jasho akiwa amekaa, umwite mama yako, na ulete kikopo. Nyumba yenye insulini inahitaji sukari ya kushikika kwa mkono kama inavyohitaji insulini yenyewe. Mama naye amerudishiwa chapati yake nzima, pamoja na mchicha na samaki, kwa kuwa insulini aliyochomwa itafanya kazi apende asipende, na ikikuta tumbo tupu itamwangusha.

Kuhusu ile haya ya mkaza mwana kwa mavyaa: nimeambiwa na watu wawili watatu kwamba mkaza mwana angeacha aibu na kuchoma tumboni, hayo yote yasingetokea. Mimi naona kinyume. Kama angefuata tumbo, yuniti zingeendelea kupandishwa, 36, 40, mpaka siku nyingine Mama aanguke, pengine usiku, akiwa peke yake. Heshima yake kwa mavyaa ndiyo iliyofichua kinundu, ingawa kwa njia ya kutisha. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kubadili mahali pa sindano ni jambo la kumuuliza daktari kwanza, na asingeambiwa, kwa sababu hakuwahi kwenda kliniki. Aliyekuwa akienda ni binti, ambaye haishi na Mama. Aliyepika, aliyepima, aliyeona jasho, na baadaye aliyeshika sindano, alibaki nyumbani na lawama.

Walikaa chini, wote watatu, na mwanawe wa kiume akasikiliza kwa simu akiwa njiani Mtito Andei. Binti alisema, "Wifi, nisamehe, nilikuonea." Mkaza mwana akajibu yameisha. Sidhani yameisha kabisa. Maneno ya miezi sita hayafutiki kwa kikao kimoja. Ila waligawana kazi upya. Binti anabaki na ununuzi, na kliniki wanakwenda wote, mkaza mwana akiwa na daftari la vipimo. Kwenye kadi, mahali pa mtu wa karibu wa mgonjwa, binti mwenyewe alisema liandikwe jina la wifi yake.

Ramadhani ilipokaribia, daktari alimkataza Mama kufunga mwaka huo, kwa kuwa anayechoma insulini mara mbili kwa siku na ameshukwa vibaya hivi karibuni yumo katika kundi la hatari kubwa. Alilia kidogo. Kisha akapanga fidya yake, akaendelea kupika futari ya wengine.

Miezi mitatu baada ya tukio HbA1c ilisoma 8.2. Namba za asubuhi ni baina ya 6 na 11, na hajashuka chini ya 4 tena. Kinundu cha kushoto kimelainika. Cha kulia bado kinahisika kwa kidole, na hapo hapachomwi kitu. Dozi ya jioni itatazamwa tena kliniki ijayo, kwa sababu 11 zote ni za asubuhi baada ya usiku ambao Mama alikula wali wa nazi, na safari hii hilo aliliandika mwenyewe daftarini.